Jinsi Adey Alivyotukanwa

Watu wa Nairobi wameamua kwamba wimbo wetu "Tapika" ni wa kumtukana waziri fulani. Mmoja ameandika mtandaoni kuwa anamjua hata kwa jina. Nimesoma, nimenyamaza, na sasa nimechoka kunyamaza. Mimi Shuaib, mtunzi wa kila neno la wimbo ule, nasema hakuna waziri. Kuna ngamia. Ni jike, mweupe, anaitwa Adey, na kwao ni nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa.

Mashairi hakunifundisha mtu. Mizani nilijihesabia kwa vidole nikiuza saruji dukani kwa abti, mjomba wangu. Kwa miaka mitatu kila ubeti niliotunga niliuandika katika kauntabuku moja ya jalada jeusi, na kauntabuku hiyo nilitembea nayo kwapani. Kwapani, katika joto la Garissa. Mlikumbuke hilo.

Siku ya msiba nilikwenda bomani kwa Eedo Faduma kununua maziwa. Eedo ni shangazi, ingawa si wangu wa damu. Ni shangazi wa kila mtu mtaani anayekunywa chai ya maziwa ya ngamia. Niliweka kauntabuku juu ya ua wa miiba nikainama kufungua jagi. Nilipoinuka, Adey alikuwa anaitafuna. Hakuwa na haraka. Alinitazama kupitia kope zake ndefu huku jalada likining'inia upande mmoja wa mdomo na beti zangu zikiingia upande wa pili. Nilivuta, akavuta. Nikabaki na kipande cha jalada chenye jina langu.

"Ngamia hupenda chumvi," alisema Jama, mpiga gitaa wetu, nilipomsimulia. "Na kile kitabu kilikuwa na jasho la miaka mitatu. Walaal, ndugu yangu, shukuru. Huyo ndiye msomaji wa kwanza kukimaliza."

Jama hutengeneza simu, na ni katika simu za watu ndiko alikojifunza nu metal: gitaa zito kama lori la mawe, maneno ya kufoka haraka haraka, kisha mngurumo unaotoka chini ya kitovu. Siku zote alikuwa akiniambia kwamba mashairi yangu ni mapole mno kwa muziki huo. Jioni ile hayakuwa mapole. Nilitunga kwa Kiswahili makusudi, ili hata watu wa ng'ambo ya Tana wajue nimedhulumiwa:

*Tapika ewe jambazi, tapika beti za watu,*
*Tumboni umeificha, miaka yangu mitatu,*
*Shingo yako kama bomba, mdomo kama kiatu.*

Halafu kiitikio, "Tapika, Adey", mara kumi na sita, kwa kunguruma. Jama alirekodi kwa simu tatu zilizoachwa kwake kutengenezwa. Baada ya wiki moja wimbo ulikuwa umefika Wajir, Mandera na Hagadera, na vijana walikuwa wakiunguruma mpaka kwenye foleni ya maji.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Kwetu ukimtukana mtu kwa maneno matupu, upepo huyabeba. Ukimtukana kwa ubeti, wajukuu watauimba. Na ukimtukana ngamia kwa jina lake, umemtukana aliyempa jina hilo.

Tuliitwa dukani kwa Mzee Warfa, ambaye huuza magodoro na hutunza ufunguo wa ukumbi wa vijana. Wazee walikaa juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, na kila aliyejisogeza, godoro lilimlilia chini yake.

"Adey amefunga maziwa," alisema Eedo Faduma. "Siku ya sita leo. Ndama analia, wateja wanalia. Ngamia yule alikuwa akijaza kibuyu kila alfajiri. Matusi ya huyu yamemfika moyoni."

"Warya, wewe kijana," Mzee Warfa aliniambia, "ulimtukana?"

"Nilimtunga, adeer," nilisema, kama tunavyomwita kila mzee.

"Umemwita jambazi?"

"Alikula mali yangu."

"Mdomo kama kiatu?"

"Hilo ni sifa ya umbo tu, adeer. Mtazame."

Mzee mmoja alicheka, godoro lake likacheka naye. Dagane, mkamuaji wa Eedo Faduma, mtu mzima mwenye ndevu za hina, alikuwa akizitazama kucha zake tangu tuingie.

Hukumu ilitoka: tusi la ubeti huondolewa kwa ubeti. Niende bomani nimwimbie Adey sifa mpaka maziwa yashuke. Yasiposhuka kabla ya Jumamosi, "Tapika" isiimbwe tena popote, na ukumbi tusahau. Jumamosi hiyo ilikuwa tamasha letu la kwanza. Nilikuwa sijawahi kusimama jukwaani maishani mwangu, na wimbo wote tuliokuwa nao ni huo mmoja.

"Utamsifu?" Jama aliniuliza njiani.

"Niliapa sitabadilisha hata neno."

"Hubadilishi. Unaongeza. Meza kiburi, bwana, yeye alimeza kitabu."

Ijumaa alfajiri nilikuwa bomani na karatasi mkononi, Jama nyuma yangu na gitaa lake na spika ndogo. Dagane alisimama kwa mguu mmoja kama wakamuaji wetu wanavyosimama, kibuyu juu ya goti, mkono kwenye chuchu. Ndama alikwisha kuletwa anuswe na mama yake, ili maziwa yashuke. Adey alitazama Ethiopia.

*Mrembo wa nyika yetu, weupe wako maziwa...*

Niliimba kwa sauti laini kabisa, beti saba. Halikushuka tone.

"Hizo ndizo sifa?" Eedo Faduma aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya debe, mikono kifuani. "Mwanangu, katika ushairi wetu sauti moja mwanzoni mwa maneno huongoza utenzi wote, kama kengele inavyoongoza kundi. Zako kila moja inalala boma lake. Ningekuwa ngamia, nami ningefunga."

"Eedo, hii ni mizani ya Kiswahili."

"Basi kamua ng'ombe wa Waswahili."

Niligeuka kumjibu. Nilipogeuka tena, karatasi haikuwa mkononi. Adey alikuwa akitafuna ubeti wa nne.

Sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka koo likifunguka. "TAPIKA," nilinguruma, kutoka chini ya kitovu, na Jama, ambaye hajawahi kukosa mwanzo, akaangusha mlio mzito wa gitaa mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Jambazi, bomba, kiatu, nilimwambia yote usoni, mate yakiruka. Mara kumi na sita nilimwita kwa jina lake.

Nilipovuta pumzi nikasikia sauti nyingine. Chrrr, chrrr, ndani ya kibuyu. Povu lilikuwa linapanda. Adey alikuwa amefumba macho nusu, masikio yamelala nyuma, miguu ameitanua kama bibi aliyefika nyumbani.

Eedo Faduma aliinuka polepole kutoka kwenye debe. Hakunitazama mimi.

"Dagane."

Dagane aliendelea kukamua. "Naam, Eedo."

"Wewe ulikuwa unamwimbia nini kila alfajiri?"

"Sauti yangu ni mbaya, Eedo. Nilikuwa nampigia huu. Kwenye simu. Tangu wimbo ulipotoka. Alikuwa akiupenda sana. Halafu ukasikia maneno yake sokoni, ukaninyang'anya simu."

"Lini?"

"Siku saba zilizopita."

Eedo Faduma alikaa tena. Alitazama kibuyu, ambacho kilikuwa kimejaa, na Dagane akaomba kingine.

"Mzee Warfa alisema sifa," nilimkumbusha. Sijui kwa nini, kiburi, nadhani.

"Mzee Warfa alisema maziwa yashuke. Yameshuka. Akitaka kubisha, abishe bila chai." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini kumwita jambazi nimekataa. Daftari moja na karatasi moja si ujambazi. Huyu ni mwanafunzi."

Nikamwambia sibadilishi neno. Akaniambia basi nitunge ubeti mwingine wa kuujibu ule wa kwanza, yeye atanionyesha wapi unachechemea. Tunabishana mpaka leo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Warfa alikaa mbele, pamba masikioni, akatikisa goti moja akidhani hatuoni. Shida imebaki moja tu: tangu Adey aliposikia sauti yangu halisi, simu ameikataa. Kwa hiyo kila alfajiri, baada ya swala, mimi Shuaib nasimama bomani namtukana ngamia mpaka kibuyu kijae. Kauntabuku mpya naiweka ndani ya kopo la bati lenye kufuli.

Na wewe waziri, popote ulipo, tulia. Si wewe. Wewe tungekutukana mwaka mzima na tusingepata hata kikombe.