Lotte Alivyomng'ata Daktari

Jumapili hiyo Lotte alitoka kapuni kumlaki bwana wake, miguu ya mbele ikitembea na ya nyuma ikiburutwa sakafuni kama tambara la deki. Alikuwa mbwa mrefu wa miguu mifupi, wa kufukuza mbweha mashimoni. Hartwig, mwindaji aliyezeekea misitu ya Solling, alimtazama mara moja tu, akampigia simu dada yake Wiebke, dereva wa tramu mjini Hannover.

"Njoo umuage Lotte. Mgongo umekwisha. Sitaki ateseke."

"Weka bunduki chini, kaka! Usimguse mpaka nifike."

Alipofika alimkuta kaka yake ameketi sakafuni, macho mekundu. Wiebke hakupoteza muda kumbembeleza. Alichukua ubao wa kukandia unga, akamlaza Lotte juu yake ili mgongo usitikisike, akamfunga kwa skafu.

"Unamsumbua bure," Hartwig alinung'unika.

"Bure yako hiyo. Panda gari, umshike kichwa."

Kwenye hospitali ya wanyama mjini walipokewa na Daktari Nurcan, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alimpapasa Lotte uti wa mgongo, kisha akachukua koleo dogo na kuubana ukucha wa mguu wa nyuma. Hakuna kilichotokea. Akaubana kwa nguvu zaidi. Ghafla Lotte akageuka, akabweka na kumng'ata mkono.

"Lotte! Huna adabu!" Hartwig alipaza sauti. "Samahani sana, daktari."

Daktari alikuwa anacheka huku anajifuta damu. "Samahani ya nini, mzee? Kama mguu umemuuma, basi habari bado zinafika kichwani. Uti haujakatika."

Wiebke alimpiga kaka yake kiwiko. "Umesikia?"

"Ila kuna kitu kimeubana," daktari aliendelea. "Huenda ni uvimbe, huenda ni gegedu la kati ya pingili limechomoka. Vidole vyangu haviwezi kuniambia. Picha ya MRI itatuonyesha."

"Itamchoma?" Hartwig aliuliza.

"Haichomi. Ni sumaku kubwa yenye kelele nyingi. Tutampa dawa ya usingizi, maana mbwa humwambii atulie."

Kelele kweli zilikuwepo, zinagonga ukutani mpaka barazani walikokaa. Hartwig aliinamisha kichwa.

"Nimewazika mbwa wengi, Wiebke. Mambo yakifika hapa, huwa najua mwisho."

"Hao hukuwaleta kwa Nurcan. Kula mkate."

Akala.

Daktari aliwaita mbele ya skrini. Uti wa Lotte ulikuwa umelala pale kama kijito, kingo zake zikiwa nyeupe kwa maji yanayouzunguka. Katikati ya mgongo kijito kilisongwa na donge jeusi.

"Gegedu," daktari alisema, kidole juu ya donge. "Si uvimbe. Na sasa najua pa kukata. Mkinikubalia, naingia sasa hivi, angali usingizini."

Wiebke alimgeukia kaka yake. Mbwa hakuwa wake. Hartwig aliitazama ile picha kitambo, kisha akavua kofia.

"Ingia, daktari. Litoe."

Lotte alirudi nyumbani na mshono mrefu mgongoni. Kila siku Hartwig alimtembeza uani, amempitishia taulo chini ya tumbo kumwinua kiuno, huku Bi Almut na majirani wengine wakimchungulia mwindaji mzima akitembea kwa hatua za bata. Miguu ilining'inia. Halafu ikaanza kukanyaga, ikikosea na kupishana.

Wiebke alikuja kuwaona wakati matufaha yanaiva. Hartwig alikuwa amesimama chini ya mti, taulo begani, mikono mitupu. Lotte alikuwa mbele yake, anakwenda upande upande kama mlevi wa harusi, pua chini, akifuata harufu ya panya.

"Anayumba," Wiebke alisema.

"Na ayumbe," Hartwig akajibu, akaharakisha mwendo. "Hebu njoo umshike upande huo, anaelekea kwa kuku wa Bi Almut!"