Kitabu cha Tatu Kwenye Rafu ya Kinyozi

Mitsuyo Kamata alikuwa kinyozi mjini Noshiro kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mteja akilia kabla ya kunyolewa. Baada ya kunyolewa, ndiyo. Wapo waliojitazama kwenye kioo wakajuta.

Aliyelia alikuwa Mzee Hanzawa, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye nywele zake zilikuwa zimemuaga siku nyingi. Tangu mwezi wa kumi alikuwa akija kila Jumatano saa nne asubuhi, na Mitsuyo alijiuliza anakuja kunyoa nini. Hakukawia kugundua kwamba mzee hakufuata wembe, alifuata rafu. Pale kando ya benchi la kusubiria palikuwa na vitabu vya katuni alivyoviacha Chigusa, binti yake Mitsuyo, alipohamia Sendai kikazi. Vilikuwa sita, vya hadithi moja iliyoitwa Msichana wa Ghorofa ya Nne, vyenye majalada meusi. Watoto hawakuvigusa, na watu wazima walivipita wakitafuta magazeti ya besiboli.

Siku aliyolia, zamu yake ilipofika, Mzee Hanzawa aliomba ahudumiwe mwingine kwanza. Akapita wa pili, akapita na wa tatu. Mitsuyo alipogeuka kuchukua taulo la moto, akamwona amejifunika uso kwa kitabu cha tatu, mabega yakimtikisika. Kisha mzee akasimama, akakirudisha kitabu mahali pake, akainamisha kichwa kuaga, akatoka.

Mitsuyo hakuwa mtu wa vitabu. Lakini udadisi ni kama unywele ulioingia ndani ya kola: hautoki mpaka uvue shati. Mchana ule, akitafuna donge lake la wali na figili za chumvi, alifungua kitabu cha kwanza akidhani atapitisha macho tu. Chai ikapoa. Mteja wa saa nane alimkuta bado yuko pale, chembe ya wali imemganda kidevuni.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye mama yake ameacha kutoka kitandani. Msichana anapika, anafua, anaghushi sahihi ya mama kwenye barua za shule, na anawadanganya walimu huku akitabasamu. Rafiki yake wa pekee anapokaribia kuijua siri hiyo, msichana anamsukuma kwenye ngazi. Mguu unavunjika. Hakuna aliyeona. Ndani ya kitabu cha tatu rafiki anarudi darasani na plasta ngumu mguuni, anakaa, anafungua daftari, wala hamtaji mtu. Kurasa nne nzima hazina neno hata moja, ni nyuso za wasichana wawili tu, na theluji dirishani.

Mitsuyo alimpigia simu Chigusa kumuuliza vilikuwa vitabu gani hivi. Binti alicheka kwanza. Kisha akasema alivisoma akiwa na miaka kumi na minne, vyote kwa siku mbili, na wiki nzima baadaye kila alipomkuta mama yake amejilaza mchana alikuwa akimsogelea kuhakikisha anapumua. Mitsuyo hakuikumbuka wiki hiyo hata kidogo. Jambo hilo lilimkera kuliko alivyotegemea.

Jumatano iliyofuata Mzee Hanzawa alirudi, na bahati nzuri hapakuwa na mwingine. Mitsuyo alimpaka povu kidevuni, akanoa wembe, akashindwa kujizuia.

“Mzee, ni ule ukurasa wa plasta?”

Mzee alifumba macho. “Umevisoma, Mama Chigusa?”

“Nimefika cha tano.”

Ndipo mzee akamsimulia. Akiwa na umri kama wa msichana yule wa kwenye kitabu, alifinyanga tonge la theluji akaweka jiwe katikati, kwa utundu tu, akalirusha kwenye kundi la wenzake waliokuwa wakicheza nyuma ya shule. Lilimpata Kiichi Nagahama, rafiki yake, kwenye jicho la kushoto. Jicho halikupona. Walimu walihoji kila mtu, na Kiichi hakumtaja yeyote. Kwa miaka hamsini na minne walikuwa wakikutana kila asubuhi bustanini kwa mazoezi ya viungo ya redioni, wakinyoosha mikono bega kwa bega, na Hanzawa aliamini kwamba rafiki yake amemsitiri.

“Na hujawahi kumuuliza kwa nini?” akasema Mitsuyo.

“Utaanzia wapi?”

“Mimi ningetaka kujua.”

Alilisema kama mtu anayezungumzia mwisho wa hadithi. Alikuja kulijutia, maana wiki mbili zilipita kiti cha Jumatano kikiwa kitupu. Mzee Hanzawa alipotokea tena alikuwa amekonda. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa Kiichi, akapiga magoti mkekani, akamweleza kitabu alichokisoma kwa Mitsuyo, akaomba radhi, na akashukuru kwa kusitiriwa. Kiichi alimtazama kwa muda mrefu kwa lile jicho lake moja.

“Alisema, ‘Kwa hiyo ni wewe,’” alieleza Hanzawa. “Hakuwa akijua, Mama Chigusa. Miaka yote hiyo hakujua. Mimi ndiye niliyempelekea habari.”

Kiichi hakuja tena bustanini. Mitsuyo akamkanda Hanzawa mabega muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya nne baada ya hapo mlango ulifunguliwa akaingia mzee mrefu mwenye miwani iliyotiwa giza upande mmoja. Siku zote alinyolewa kwa kinyozi wa karibu na stesheni, lakini Mitsuyo hakuhitaji kuambiwa ni nani.

“Nionyeshe hicho kitabu,” akasema Kiichi Nagahama.

Alikaa benchini asubuhi nzima, ukurasa umemkaribia pua. Hakulia. Alipofika kitabu cha tatu alizirudia zile kurasa nne mara tatu, halafu akauliza bila kuinua kichwa, “Huyu wa plasta, huko mbele kuna mtu anayemuuliza yeye anawaza nini?”

Mitsuyo alifikiri. Alikuwa amevimaliza vyote sita na hakuwa ameliona hilo. “Hakuna,” akasema. “Hadithi inamfuata yule mwingine mpaka mwisho.”

“Ndivyo nilivyodhani,” akasema mzee. Akauliza kama anaweza kuazima cha nne, na Hanzawa huwa anakuja saa ngapi.

Jumatano Kiichi alitangulia. Hanzawa aliingia, akamwona, akaganda mlangoni na theluji mabegani.

“Funga mlango, bwana wewe, baridi inaingia.”

Hanzawa akafunga, akaketi mwisho wa benchi. Wakasoma kila mmoja chake. Mitsuyo alikuwa akimkausha nywele muuza tofu, ile jibini ya soya, akiwachungulia kwenye kioo.

“Bado nina hasira na wewe,” akasema Kiichi baada ya muda.

“Najua.”

“Hujui. Ulinijia na habari za moyo wako, ukaondoka. Hujaniuliza mimi siku ile iliendaje.”

Hanzawa akaweka kitabu magotini. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Iliendaje?”

Kiichi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la sweta. “Asubuhi ile nilikuwa nimevaa viatu vya kaka yangu,” akaanza, “vilikuwa vikubwa, nikajaza magazeti ndani.”

Mitsuyo akazima mashine ya kukaushia. Muuza tofu alibaki na nusu ya kichwa imelowa, na hakulalamika, kwa kuwa naye alikuwa amegeuza sikio.