Mpira Unaodunda

Usumani alidaka katika klabu ya Umurabyo kwa miaka kumi na minne, na mtaa mzima wa Nyamirambo ulikuwa na visa vyake vya kuchagua. Wapo walioshikilia zile penalti mbili za mwaka themanini na nne, moja aliyoipangua kwa mguu na nyingine aliyoipokea kifuani kama anayepokezwa mtoto. Mafundi cherehani waliapa kwamba hakuna siku iliyoizidi ile ya Bujumbura, alipovunjika kidole mapema, akakifunga na kidole jirani kwa kamba ya kiatu, akamaliza mchezo bila kufungwa. Mkewe Raihana, aliyekuwa fundi cherehani pia na hakuwahi kukanyaga uwanjani, alivijua visa vyote kutoka kwa wateja waliokuja kupimwa nguo.

Jambo lisilosimuliwa na mtu ni namna alivyoondoka. Mwanzoni mwa mwaka 1992 bega lake la kulia lilianza kugoma. Alifungwa mabao mawili ya kichwa, na Jumapili iliyofuata akakuta jezi namba moja iko mwilini mwa Rutayisire, kijana mrefu aliyekuwa akimbebea glavu. Hakuna aliyemwambia neno. Zilipita wiki kadhaa ndipo mwenyekiti wa klabu, Damascène, alipomvuta pembeni.

"Mzee Usumani, tuna watoto pale. Wafundishe."

Alikubali, maana kukataa kungekuwa kukaa nyumbani.

"Nimepewa vifaranga nichunge," alimwambia Raihana.

"Chunga basi. Majogoo si wamekufukuza?"

Walikuwa watoto kumi na watano hivi, pekupeku, kwenye kiwanja cha changarawe. Mipira ya ngozi ilikuwa ya timu kubwa. Watoto walicheza na karere, mpira wa majani makavu ya mgomba uliosokotwa kwa kamba hadi ukawa mzito kama jiwe. Usumani hakuona ubaya, kwani yeye mwenyewe alianza na karere. Baada ya miezi mitatu vifaranga walikuwa wamemwingia moyoni, hasa kipa wao Mutsinzi, mwembamba wa miaka kumi na mitatu asiyejua kufunga mdomo.

"Kocha, ni kweli kule Bujumbura kidole kilidondoka ukakiokota?"

"Hakikudondoka. Kilivunjika tu."

"Mama anasema kilidondoka."

"Mama yako alikuwepo?"

"Hapana. Lakini anasimulia vizuri kuliko wewe."

Aliwatafutia mechi yao ya kwanza, Jumapili, dhidi ya watoto wa makarani wa mtaa wa Kacyiru, huko kwao. Fainali ya kombe, iliyoahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya vita vya kaskazini, nayo ikapangwa Jumapili hiyohiyo. Siku tatu kabla, Rutayisire akavunjika mkono mazoezini. Jioni Damascène alifika nyumbani kwa Usumani, akanywa chai yote, kisha akauliza, "Bega linasemaje?"

"Linapanda," Usumani alidanganya.

Kwa desturi ya Umurabyo, wachezaji wa fainali waliingia kambini Jumamosi wakalala pamoja mlango ukiwa umefungwa, ili mpinzani asipate pa kupenyeza sumu wala maneno. Aliyeingia hakutoka hadi saa ya mchezo.

"Na watoto?" Raihana aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Dereva wa klabu atawapeleka."

"Anajua mpira?"

"Anajua Kacyiru."

Raihana akakanyaga cherehani. Usumani akasubiri mshono uishe.

"Sikuagwa, Raihana. Miaka yote ile, na hakuna hata aliyenipiga kofi la mgongoni akaniambia nenda salama. Nataka mchezo mmoja tu wa kuagwa."

"Sijakukataza," alisema mkewe.

Alicheza. Umurabyo walipata bao kipindi cha kwanza wakalilinda. Karibu na mwisho ulikuja mpira wa juu upande wa kulia, upande wa bega bovu, naye akajipinda hewani akautoa juu ya mwamba wa lango kwa mkono wa kushoto. Filimbi ilipolia walimbeba mabegani hadi barabarani. Redio ilimtaja. Mafundi cherehani waliihamisha Bujumbura, wakaiweka nafasi ya pili.

Jumatatu alikwenda kiwanjani akiwa na karere kwapani. Hakumkuta mtu. Jumanne vilevile.

Akaenda kwa kina Mutsinzi, akamkuta uani akimenya viazi.

"Mwiriwe, kocha," kijana alimwamkia, kisu kikiendelea.

"Hamkuja."

"Tulikusikia kwa redio. Ile ya mkono wa kushoto iko sawa sana."

"Asante."

"Sisi tulifungwa ngapi, kocha?"

Tangu Jumapili Usumani alikuwa ameshikwa mkono na nusu ya mtaa, amekunywa chai katika nyumba asizozijua, na hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

"Saba," Mutsinzi akasema. "Dereva alikuwa anakula karanga. Tulimuuliza tufanye nini, akasema tukimbie."

Usumani aligeuza ndoo tupu akakaa juu yake.

"Nisimulie. La kwanza."

"Walipiga kutoka mbali. Nikaungoja uanguke niulalie. Ukaanguka, halafu ukapanda, ukanipita kichwani."

"La pili?"

"Hivyohivyo."

"La tatu?"

"La tatu nilirudi nyuma, ukanigonga usoni ukaingia. Walicheka hadi refa akacheka. Wananiita Chura."

La nne Usumani hakuliuliza. Karere likianguka linakufa palepale, na kipa wa karere hungoja lianguke ndipo alilalie. Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha kwa miezi mitatu. Mpira wa ngozi kwenye ardhi ngumu haufi, unadunda, na kipa asipoufuata kabla haujatua unamfanya kichekesho. Yeye mwenyewe ulimfanya hivyo alipokuwa kijana. Angesimama nyuma ya lango kule Kacyiru, bao la kwanza lingemtosha kuligundua kosa.

"Kosa si lako," alisema. "Nimekufundisha karere, wao wakaja na ngozi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nikasahau."

"Ungekuwepo ungekumbuka."

"Ningekumbuka."

Mutsinzi akachukua kiazi kingine.

Kesho yake Usumani alimfuata Damascène ofisini kwake akamwomba mpira mmoja wa ngozi.

"Kwa kazi ya Jumapili, chukua hata miwili," Damascène alisema. "Mkono wa Rutayisire bado uko kwenye plasta. Ligi inaanza wiki hii, na mimi naona bega lako lina msimu mzima ndani."

"Jumapili niko na watoto."

"Watoto hawana mechi."

"Hawana hata timu. Nataka niwakusanye."

Damascène alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Mzee, unaacha lango kwa ajili ya wale?"

"Mimi nimeshaagwa," Usumani alisema, akauchukua mpira mmoja.

Jumapili walikuja kucheza watano. Wengine walikaa juu ya ukuta, miguu ikining'inia, kama waliokuja kutazama harusi ya jirani. Mutsinzi alisimama langoni akiwa amekunja mikono. Usumani alirusha mpira juu kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia, tangu fainali, ulikuwa haushiki hata kikombe. Mpira ukapiga changarawe, ukapanda, ukampita kipa.

"Chura," sauti ikasema ukutani.

"Sogea mbele, Mutsinzi," Usumani alisema. "Ufuate ukiwa bado juu. Tena."

Ukampita tena, na tena. Halafu mmoja ukampiga kifuani, akaukumbatia, akaanguka nao kitako. Uliofuata ukampita.

Kila uliompita uliteremka kilimani kuelekea barabarani, na wale wanne wengine walichoka kuufuata. Mmoja wa waliokaa ukutani akaruka chini, akaukimbilia, akaurudisha. Aliposikia kocha anasema, "Tena," hakupanda ukutani. Alisimama nyuma ya lango kuungoja.