Kitambi cha Mheshimiwa

Mto aliouweka seremala tumboni kabla ya kupanda jukwaani kumwigiza Waziri wa Afya ulikuwa wa marehemu mkewe. Hospitali alikolazwa mkewe, mgonjwa huenda na mto wake mwenyewe, na wauguzi huuandika kwa wino usije ukapotea: wodi ya tatu, kitanda cha tisa. Mto haukupotea. Aliyepotea ni mke, siku ya tatu ya kuambiwa, "Damu iko kwenye mchakato, baba, subiri kidogo."

Neno hilo Waziri wa Afya alilipenda kama mtoto na pipi. Dawa, mchakato. Vitanda, mchakato. Ndiyo maana Afisa Utamaduni, bwana mmoja wa tai nene na akili nyembamba, alilifuta kwa kalamu nyekundu kwenye mchezo wote.

"Sikiliza, fundi," alimwambia nyuma ya pazia. "Waziri yuko mstari wa mbele. Mcheke mwendo, mcheke kitambi, hayo anayapenda. Lakini ukitamka mchakato, kesho utafute ukumbi mwingine wa kugongea misumari."

"Sawa, bosi."

Miaka kumi na minane alikuwa akitengeneza viti vya ukumbi ule, na kila mkubwa aliyevikalia aliviacha vimelegea.

Basi akacheza. Akatembea katanguliza tumbo, akakata utepe wa choo kisicho na maji, akavihutubia viti vitupu. Waziri akacheka mpaka akatoa leso. Seremala akawaza: unamtemea mtu usoni, yeye anadhani kapuliziwa manukato!

Mchezo ulipokwisha, Waziri akapanda kutoa pongezi, akamshika seremala bega, akachukua kipaza sauti.

"Nimefurahi mno. Na mambo ya hospitali msiwe na wasiwasi. Suala la damu liko kwenye mchakato."

Kisha mama mmoja wa nyuma akapasua kicheko. "Jamani, huyu anamshinda hata mwigizaji!" Watu hoi, wanapiga viti. Waziri akaangaza huku na huku, hakuelewa kitu, naye akacheka. Watu wa namna ile kicheko hakiwapiti, hata kikiwa cha kuwacheka wao.

Pembeni ya pazia, Afisa Utamaduni alikuwa amemtolea seremala macho.

"Sijasema kitu, bosi. Kasema mwenyewe."

Angeishia hapo, kazi yake ingebaki. Lakini kicheko cha Waziri kilikuwa kinamgonga palepale penye mto. Akafungua vifungo, akauchomoa, akaunyoosha kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Pokea, Mheshimiwa. Kitambi chako."

Waziri akaupokea huku bado anacheka, akaugeuza, akauona wino. "Wodi ya tatu... Wa nani huu?"

"Wa mke wangu. Hauhitaji tena. Mchakato umekamilika."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Hakuna aliyecheka. Seremala akaenda nyuma ya pazia, akachukua nyundo yake, akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wakubwa.