Karibu Mrembo, Tuma Mguu

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwake elimu si jambo la kujadiliwa, ni kama kuoga. Siku nilipomwambia nimefungua duka kwenye simu hakupiga kelele. Alimaliza kusahihisha daftari lililokuwa mbele yake, akafunika kalamu, akasema, "Sawa. Ila ukirudia somo hata moja, duka linafungwa siku hiyo hiyo. Na hizo sapatu zako mimi sizivai mpaka umalize chuo salama."

Mama akisema, amesema. Tangu siku hiyo nimemshonea jirani, mke wa jirani na mama mkwe wa jirani, lakini mama mzazi anapita mbele yangu sebuleni na soksi.

Duka langu linaitwa Kanyaga Taratibu. Nauza sapatu, vile viatu laini vya kuvaa ndani, nashona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa ninayopewa na mafundi wa mtaani, soli ya sponji ngumu, na ukingo ambao hata uuvute kwa hasira haufumuki. Duka lenyewe ni meza ya cherehani iliyobanwa kati ya kitanda changu na dirisha. Kushoto kwa meza ni viatu, kulia ni vitabu vya takwimu, maana hiyo ndiyo fani ninayosomea, na katikati nimebandika utepe uwe mpaka. Mpaka hauheshimiwi. Nimewahi kupeleka kazi chuoni ikiwa na uzi mwekundu ulioshonwa kwenye jedwali, na mteja mmoja alipata sapatu zilizokuwa na fomula ya kalamu ndani ya soli. Akanijibu kwamba asante, hilo ua ni zuri.

Mshika mbili moja humponyoka: hilo niliambiwa na kila mwenye mdomo. Mimi nikawajibu kwamba ndiyo maana tumepewa na meno.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye mguu. Mteja anaweka mguu juu ya karatasi, anauchora, anaweka rula pembeni, anapiga picha, ananitumia. Lazima miguu yote miwili, kwa sababu haifanani. Hilo nililigundua kwa malalamiko, na malalamiko ndiyo yaliyonipa mada ya utafiti wa kumalizia chuo: tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto. Niliwaomba wateja ruhusa mmoja mmoja, wakakubali kwa furaha kama wanaalikwa harusini. Ila kwenye utafiti niliwaita "washiriki". Neno duka sikuliandika hata mara moja, na sababu yake ni Desimali.

Desimali ndiye msimamizi wangu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kabla mimi sijafika, kwa kuwa anaweza kukukata maksi kwa nukta iliyokaa vibaya. Siku moja alimkuta kijana wa darasa letu akiuza chaja koridoni, akasimama, akamtazama, akasema, "Chuo si gulio." Maneno matatu tu. Yule kijana mpaka leo simu yake ikiisha chaji anaona aibu kuomba waya.

Basi nikawa na maisha mawili kwenye simu moja yenye laini moja. Wateja wakalalamika kwamba nachelewa kujibu nikiwa darasani, nikaweka jibu linalojituma lenyewe kwa yeyote anayeniandikia: "Karibu mrembo! Tuma picha ya miguu yako miwili pamoja na rula, kisha chagua rangi. Bila mguu hatuendelei, wangu!" Nikajiona mjanja kweli.

Wiki ya kutetea utafiti ikafika. Mitihani mingine yote nilikuwa nimeipita, kilichobaki ni kizingiti hicho kimoja, siku ya Alhamisi. Nikianguka hapo, narudia mwaka, na Kanyaga Taratibu inakanyagwa yenyewe. Kwa hiyo Jumanne nikampa babu simu.

Babu ni baba yake mama, tunaishi naye, na amemaliza ujana wake wote akiuza viatu dukani. Kwenye duka la babu mteja hakuulizwa anataka nini kabla hajaulizwa ameamkaje. Mimi ananiita mchumba.

"Babu, shika duka, mimi nishike kitabu."

"Mchumba wangu, soma. Hawa niachie mimi."

Jumatano asubuhi nilikuwa kitandani na karatasi zangu, sijachana nywele, nikijihoji na kujijibu mwenyewe kwa sauti. Saa tatu ilikuwa imeshapita kidogo. Babu akaingia na simu, miwani imemshukia puani.

"Mchumba, huyu mteja wako Desimali ana matatizo."

"Nani?"

"Desimali. Ndivyo ulivyomwandika humu. Tangu jana anatuma maneno. Mimi maneno sisomi, nangoja mguu. Leo ametuma, lakini mchumba, nimepima miguu ya watu tangu enzi na enzi, sijaona mtu anayepima mpaka vile vidogo vya nyuma ya nukta."

Nilimnyang'anya simu, Mungu anisamehe. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa jana mchana: "Utetezi wako umewahishwa. Ni kesho Jumatano saa nne kamili. Thibitisha." Chini yake: Karibu mrembo! Tuma picha ya miguu yako miwili. Halafu: "Nimesema thibitisha." Karibu mrembo! Halafu: "Mimi ni msimamizi wako." Karibu mrembo! Bila mguu hatuendelei, wangu!

Na asubuhi hiyo, picha. Miguu miwili mikubwa iliyochorwa kwa penseli iliyochongwa, pembeni rula ya chuma. "Kulia 27.43. Kushoto 27.91. Rangi yoyote. Sasa thibitisha."

Chini kabisa kulikuwa na ujumbe wa sauti, na haukujituma wenyewe.

"Babu, umemwambia nini huyu mtu?"

"Nimemsalimia tu. Mtu amehangaika hivyo, usimsalimie?"

Sikuwa na muda wa kuusikiliza. Nilivaa gauni, nikaweka kitana kichwani kikabaki hapo hapo, nikazoa karatasi. Ndipo nikakumbuka kwamba kila Jumatano saa nne naingia laivu kuonyesha viatu vipya, wakati walimu na wauguzi na watu wa maofisini wako kwenye chai. Wateja walikuwa wameshaanza kuniuliza kama nipo.

"Babu, laivu!" Nikamrudishia simu.

"Nenda! Nimeuza viatu kabla mama yako hajaota meno."

Nilikimbia. Chuo hakiko mbali, lakini siku hiyo kilikuwa kimehama. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nilipotazama chini nikakuta nimevaa sapatu za maonyesho, ya kulia nyekundu, ya kushoto ya njano yenye madoa. Nikasema liwalo na liwe, angalau hazibani.

Chumbani walikuwa wawili. Desimali kakaa wima nyuma ya meza, pembeni yake mhadhiri wa kike mwenye miwani aliyoipandisha kwenye nywele. Nikawaamkia, wakaitikia. Yule mama alitazama miguu yangu, akaishusha miwani machoni, akatazama tena.

Nikaanza. Kwa kweli niliongea vizuri. Nilikuwa na hofu mpaka kwenye kucha, lakini ile kazi niliijua, kila mguu kwenye lile jedwali nilikuwa nimeushika kwa mkasi na uzi. Wakaniuliza kuhusu sampuli, nikajibu. Wakaniuliza kuhusu mkengeuko, nikajibu. Nikaanza kupumua.

Kisha Desimali akatoa simu yake, akailaza mezani taratibu.

"Swali la mwisho. Hawa washiriki umewapata wapi?"

Kabla sijafungua mdomo akabonyeza, na sauti ya babu ikajaa chumba kizima. "Mzee mwenzangu, za kuamka? Wa nyumbani hawajambo? Nimeona miguu yako. Usione aibu kwamba haifanani, hata watoto wangu mimi hawafanani, na wote nawapenda. Wewe taja rangi tu, mchumba wangu atakushonea."

Yule mama alijificha nyuma ya utafiti wangu. Karatasi zilikuwa zinatikisika.

"Nilipopata ule ujumbe wa kwanza," Desimali alisema, "nilidhani bado unakusanya data. Nikasema, mwanafunzi anayekusanya data mpaka siku ya mwisho ana moyo. Nikaenda kutafuta rula. Lakini hili neno mrembo limenitatiza. Na hilo mchumba la huyu mzee nalo limenitatiza."

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, tena umevaa vizuri: ni mbinu ya kuwavutia washiriki, Mwalimu. Ungepita. Lakini nilimwona mama yangu na kalamu yake nyekundu kama yuko pale dirishani, na mama hasahihishi uongo, anaukata mstari mmoja tu.

"Ni wateja, Mwalimu. Nina duka la sapatu kwenye simu. Wote niliwaomba ruhusa, lakini ni wateja. Yule ni babu yangu. Na mchumba ni mimi, yaani kwa utani."

"Chuo si gulio."

"Ndiyo, Mwalimu. Gulio liko nyumbani, pembeni ya kitanda."

Yule mhadhiri wa kike alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani. Desimali alimsubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua ikatike, kisha akanigeukia.

"Mteja akikutumia miguu yenye tofauti kama ile... kama ile unayoifahamu. Unafanyaje?"

"Zamani nilishona pea nzima kwa kufuata mguu mrefu, ule mwingine ukawa unaogelea. Nilipomaliza sura ya nne nikaacha. Siku hizi kila mguu nauketisha kwenye kipimo chake."

Nikamwona anainama kidogo, anachungulia viatu vyake vyeusi chini ya meza.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "nilijua ni viatu vibovu."

Walinitoa nje, wakanirudisha kabla sijamaliza kuuma kucha za mkono mmoja. Umepita, wakasema. La kurekebisha ni moja: kila palipoandikwa washiriki, niandike wateja, na duka nilieleze wazi kwenye sura ya tatu. "Watu ukiwajua ni nani, waite walivyo," alisema Desimali. Nilishukuru, nikashukuru tena, nikafika mlangoni.

"Nilisema rangi yoyote," akasema nyuma yangu. "Nimefikiri. Kijivu."

Njia ya kurudi sikuikimbia, niliiruka. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mwanamke mmoja mwenye kapu akanipisha.

Nyumbani nilimkuta babu kwenye kiti changu, simu imeegemezwa kwenye kitabu cha takwimu, anaongea na watu. Alikuwa hajauza hata pea moja.

"Nimewaambia duka limefungwa kwa sababu mwenyewe yuko kwenye mtihani," alinieleza, "lakini mgeni hafukuzwi. Tumekaa tunakungoja."

Na kweli walikuwepo. Maneno yalikuwa yanapanda kwenye kioo: Ametoka? Bado? Jamani chai yangu imepoa. Babu alikuwa amewasimulia habari za bwana mmoja aliyenunua viatu vya harusi vya kushoto vitupu, na walitaka kujua bibi harusi alisema nini.

"Huyo hapo kaingia! Mchumba, sema!"

"Nimepita!" nikapiga kelele, na sauti ikakatika hapo hapo, nikaanza kulia mbele ya wateja na kitana kichwani. Mioyo ikapanda kwenye kioo mpaka uso wangu ukafunikwa. Wageni wasionijua walikuwa wananipongeza kwa vigelegele vya maandishi. Katikati yao likapita jina ninalolijua, lenye picha ya shule: "Futa uso. Kunywa maji kwanza, ndipo uuze."

Mama alikuwa kwenye laivu tangu mwanzo, ofisini kwa walimu, pamoja na walimu wenzake wote.

Jioni alirudi na mfuko wake wa madaftari. Hakwenda chumbani kwake. Aliingia kwangu, akaketi kitandani, akavua viatu, akavua na soksi. Akavuka mpaka wa utepe kwa mkono, akachukua karatasi upande wa vitabu, akaigeuza upande mweupe, akaiweka sakafuni na kuikanyaga.

"Chora," akasema.

Nikapiga magoti. Miguu ya watu nimeiona mingi mno, ya wanene, ya wembamba, yenye hina na yenye sugu, lakini wa mama nilikuwa sijawahi kuushika. Ngozi ya kisigino ilikuwa ngumu kama mkanda, kwa kusimama mbele ya ubao tangu sijazaliwa. Nilichora wa kulia, nikachora wa kushoto, nikapima. Nikapima tena. Tofauti ilizidi hata ile ya Desimali.

"Mama, kiatu cha kushoto kinakubana siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kitabu ukanishonea."

Nilimpenda mama yangu wakati ule mpaka nikakosa pa kuangalia. Machozi yalinilenga, mstari wa kidole gumba ukaenda upande.

"Usitetemeshe mkono, unaniongezea kidole," akasema.

"Karibu mrembo!" babu akapaza sauti kutoka koridoni. "Chagua rangi!"

Mama si mtu wa kuchekacheka. Lakini hapo alicheka, akacheka mpaka mguu ukahama kwenye karatasi, ikabidi nichukue karatasi nyingine tuanze upya.