Cherehani Kwenye Sementi

Vitanda ndivyo vilivyotangulia kutoka. Vikafuatwa na magodoro, makabati ya vyombo, redio zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, na kuku mmoja aliyebanwa kwapani akilalamika kwa niaba ya wote. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, jua limeyakalia mabati ya Mathare, na hapakuwa na moto wowote. Afande Wandera wa zimamoto ndiye aliyewaomba wafanye hivyo.

"Fanyeni kama siku ile," aliwaambia. "Pigeni nduru, toeni vitu vyenu. Mimi nataka kuona tu."

Siku ile kila mtu aliijua. Mwaka uliotangulia safu ya chini ya nyumba za kichochoro iliteketea, na gari la zimamoto lilipofika lilikwama juu kwenye lami huku mpira wa maji ukisukumwa mbele na kurudishwa nyuma, nyumba zikiisha moja baada ya nyingine. Wazima moto walipokewa kwa mawe. Wandera mwenyewe alishonwa juu ya jicho la kulia. Sasa alikuwa amerudi na kovu lake, bila gari, bila kofia ya chuma, akiwa na ndoo ya mchanga na blanketi kuukuu.

"Afande, leo mmekuja na maji ama mmekuja na mdomo?" mtu mmoja alimrushia.

"Leo ni mdomo," Wandera akajibu bila kukasirika. "Maji yatakuja mkiyapa njia."

Alikuwa ameanza na stovu. Aliiweka juu ya kigoda akawaambia kwamba stovu haijazwi mafuta ikiwa inawaka; izimwe, ipoe, ndipo mtu amimine. Ikilipuka isimwagiwe maji, kwa maana mafuta yatayapanda maji na kumfuata mtu mpaka miguuni. Ifunikwe blanketi lililoloweshwa, au mchanga. Mshumaa usikae karibu na godoro. Mtoto asifungiwe ndani kwa kufuli, hata kama mama anaenda kibarua cha kitambo kidogo. Hapo kwenye kufuli akina mama waliangalia chini, na mzaha ukapungua.

Triza Nekesa hakuangalia chini. Hakuwa na mtoto wa kumfungia, na afande huyu hakumtisha. Alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa mabega mapana na ulimi usiokaa na deni. Nduru ilipopigwa alitoa kitu kimoja tu: cherehani yake ya kukanyaga. Aliikokota kwa mikono miwili mpaka pale kichochoro kinapobanwa kati ya ukuta wake na karakana ya Ndung'u, fundi wa vyuma, akaiegemea. Cherehani ile ilimlisha, ilimvisha, ilimzika baba yake kwa heshima. Hakuona haja ya kuokoa kingine.

Wandera aliuangalia ule msongamano kwa muda. Kisha akauliza, "Ni nani hapa hawezi kutembea?"

Macho yote yalielekea mlango wa Triza. Mama yake, Asenath, alikuwa amepigwa na kiharusi kabla ya moto ule, na upande wake wa kushoto ulikuwa umelala tangu wakati huo. Wandera akaingia na Ndung'u, wakatoka wamembeba juu ya kiti, kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawa, uso wake umechangamka kwa kuona watu wengi hivyo.

"Tunampeleka barabarani," Wandera akasema.

Walifika kwenye cherehani wakasimama. Wakajaribu kuinua kiti juu yake, kikainama, Asenath akashika ukuta kwa mkono wake mzima. Wakajaribu kupita kando, bega la Ndung'u likagonga mabati.

"Haipiti," Ndung'u akasema, akihema.

"Muweke chini, taratibu." Wandera akawageukia watu. "Siku ile tulifika hapa hapa. Mlidhani tunaogopa moto. Sikuuona moto mimi. Niliona kabati, na nyuma ya kabati kitanda, na nyuma ya kitanda kitanda kingine."

Ndipo Asenath alipouweka mkono wake juu ya ubao wa cherehani, akaupapasa polepole.

"Hii ni yetu," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemtambua mgeni. Hakuna aliyecheka. Triza alihisi uso wake unawaka, akatamani ardhi ya kichochoro kile immeze.

Kwa maana kulikuwa na jambo kati ya mama na mwana ambalo majirani hawakulijua. Siku safu ya chini ilipoungua, Triza alitoa cherehani kwanza. Alijiambia baadaye kwamba ilikuwa mlangoni, penye mwanga wa kushonea, na kitanda cha mama kilikuwa kule mwisho wa chumba. Kwamba asiyetoa kilicho mlangoni hawezi kupitisha kilicho ndani. Kwamba alirudi mbio. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini aliporudi alikuta moshi umeshaingia, na mama yake anakohoa, ameketi anamngoja. "Cherehani imetoka salama?" Asenath aliuliza. "Imetoka, Mama." "Basi vizuri." Moto ulizimika kabla ya kuwafikia, na maneno hayo hayakurudiwa tena. Triza angeona nafuu kama angetukanwa.

Watu walipokuwa wakirudisha vitu ndani, alimfuata Wandera aliyekuwa anazoa mchanga wake.

"Umeniaibisha mbele ya watu, afande."

"Sikujua ni yako, dada."

"Na ungejua?"

"Ningefanya vile vile."

"Ni rahisi kusema mtu aache vitu. Wewe una mshahara. Mimi nikiiacha ile, kesho huyo mama atakula mchanga wako?"

"Sijasema ni rahisi." Alijigusa kovu, pengine bila kujua. "Nimeona watu wengi wakikimbia moto, na sijaona hata mmoja anayefikiri wakati huo. Mkono unashika ulichozoea kushika. Kama kuna kitu unataka kubadilisha, kibadilishe sasa, kukiwa baridi. Kukishawaka utakuwa umechelewa."

Triza akaondoka bila kuaga. Alimchukia mtu yule siku nzima, na kesho yake alipokaa kushona akamchukia zaidi, kwa sababu kila aliposimamisha gurudumu aliukuta mkono wake wa kushoto umetulia pale pale kwenye ukingo wa cherehani, mahali pa kushikia mtu anapotaka kuikokota. Aliuondoa. Baada ya mishono michache ukawa umerudi. Mpaka jioni alikuwa amekata shauri, na Triza akikata shauri hata mvua humpisha.

Alivuka kichochoro kwenda kwa Ndung'u. "Nataka miguu ya cherehani yangu uichimbie chini, uimwagie sementi."

Ndung'u akaweka nyundo chini. "Unaogopa wezi?"

"Mwizi mmoja tu."

"Nani huyo? Nitajie, tumfundishe adabu."

"Mimi."

Ndung'u alicheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka. Kesho yake alikuja na mtaimbo na sementi. Asenath alitazama kazi yote kutoka kitandani, na fundi alipokwisha kuondoka akauliza, "Kwa nini umeifunga, mwanangu?"

"Isitembee, Mama."

"Haijawahi kutembea yenyewe."

Triza aliufuta ubao wa cherehani uliokuwa safi tayari.

Mtaa mzima ulimcheka. Wakamwita Mama Sementi, wakamuuliza kama sindano nayo ataijengea. Alicheka nao, lakini hakuwaacha. Alipita mlango kwa mlango akiwafundisha alichokitoa kwa afande na alichokiongeza mwenyewe: watu wanapanda upande wa barabara, vitu, kama kuna nafasi ya vitu, vinateremka upande wa mto. Kitanda kikionekana kinapanda, kitavunjwa. Alimsumbua Nyamai, mwenye hoteli ya chai ya jirani, mpaka akaondoa benchi na meza alizozoea kuziweka katikati ya njia. Nyamai alinuna, akasema wateja wake si wazima moto. Triza akamwambia anywe chai yake akiwa amesimama aone kama atakufa. Wandera alipopita tena Jumapili moja, alikuta kila nyumba ina kopo la mchanga mlangoni. Alimkuta pia Triza anagombana na mwenye kabati, akamwamkia kwa mbali na kuendelea na safari yake.

Moto ulikuja msimu wa kiangazi, mchana, kama mgeni asiyebisha. Hoteli ya Nyamai ilikuwa imejaa vibarua waliotaka chai upesi, stovu ikaanza kufifia, na Nyamai, aliyejua vizuri alichoambiwa, akasema moyoni mara hii moja tu. Alimimina mafuta stovu ikiwaka. Blanketi lilikuwa limefuliwa limeanikwa nje. Alimwaga kopo la mchanga, ukafunika nusu ya moto. Nusu iliyobaki ilikamata nailoni ya dari, na dari ikawaka yote kwa pumzi moja.

Triza alikuwa anatia mkunjo kwenye sare ya shule aliposikia nduru. Kabla akili yake haijafika popote, mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa cherehani na kuvuta. Cherehani haikusogea. Akavuta tena, kwa nguvu zote za mabega yale, miguu ya chuma ikamkatalia ndani ya sementi yake. Hapo ndipo alipozinduka. Aligeuka, akakuta mama yake ameketi kitandani anamtazama. Alikuwa ameona yote.

Triza alipiga hatua mpaka mwisho wa chumba, akainama, mkono mzima wa Asenath ukamzunguka shingo, naye akamweka mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Kichwa cha mama kililala begani mwake. Alikuwa mwepesi kuliko cherehani, na jambo hilo lilimuuma Triza kuliko moshi.

Nje kulikuwa na vurugu, lakini vurugu yenye njia. Mtu alitokeza na kabati akielekea juu, Ndung'u akamfokea, "Mto! Upande wa mto, wewe!" na kabati likageuka. Watu walikuwa wanapanda, watoto mbele, hakuna aliyejikwaa. Aliyetumwa kwenye kibanda cha simu cha barabarani alikuwa ameshapiga, na Triza alipokaribia lami alisikia king'ora. Wandera alishuka mbio na wenzake, mpira wa maji begani. Triza akajibana ukutani na mzigo wake kuwapisha.

"Shuka moja kwa moja, afande! Njia iko wazi!"

Wandera alipompita alimwona Asenath mgongoni, akaitikia kwa kichwa mara moja. Mpira ukapita miguuni pao, mlegevu kwanza, kisha ukajaa na kukaza.

Alimweka mama yake juu ya jiwe kando ya barabara, akamfunga kitambaa kilichokuwa kimelegea. Kutoka pale waliona moshi ukipanda juu ya paa lao. Asenath aliutazama kwa muda mrefu.

"Cherehani imetoka salama?" akauliza.

"Iko ndani, Mama."

Mkono mzima wa mama ulimtafuta, ukamkamata kifundo cha mkono, ukakaza hivi kwamba Triza alihisi kucha.

"Basi vizuri," Asenath akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, yeye ambaye hakulia hata kiharusi kilipompiga. Triza naye akalia, akapiga magoti vumbini pale pale mbele ya watu, bila kujali nani anamwona.

Nyumba tatu ziliungua: ya Nyamai, ya Triza, na moja nyuma yao. Zilizobaki kwenye kichochoro zilisimama. Nyamai aliunguzwa mikono, lakini alikuwa hai, na alipopita kwa Triza na bandeji zake alisimama ameinamisha kichwa. Triza akamwambia aende akapumzike, matusi yake atamwekea.

Asubuhi, jivu lilipopoa, alishuka na Ndung'u. Mabati yalikuwa yamejikunja chini, na katikati yake cherehani ilikuwa imesimama wima kwenye sementi yake, nyeusi, bila ubao, bila mkanda. Triza alilishika gurudumu akalisukuma. Lilikataa. Akalisukuma tena, likazunguka kidogo kwa kelele, likakwama.

"Mafuta, mkanda, ubao mwingine," Ndung'u akasema akiikagua. "Itafanya kazi hii. Nilete patasi tuing'oe?"

"Iache. Jenga nyumba kuizunguka."

Ndung'u akachukua kijiti, akaanza kuchora kuta kwenye jivu, upande mmoja, kisha wa pili. Alipofika mbele, karibu na cherehani, akachora pengo la mlango pale ulipokuwa zamani.

"Hapana," Triza akasema. Alitembea mpaka mwisho wa chumba, upande unaotazama barabara, ambako vyuma vya kitanda vilikuwa vimeinama. "Mlango uwe hapa."

"Hapo si pa kitanda cha mama?"

"Ni hapo," akasema, akachukua kijiti mkononi mwake na kuchora mwenyewe.