Baiskeli Mbaya ya Mkunga

Baiskeli ya kwanza ya mkunga iliibwa mlangoni kwa mzazi. Ya pili nayo ikaibwa vivyo hivyo, kufuli limekatwa na kuachwa chini. Hapo mkuu wa zahanati akamwita mkunga akamwambia waziwazi: ya tatu ikipotea, basi tena kuwafuata wazazi majumbani, atakaa dirishani aandike kadi. Mkunga alirudi nyumbani amenuna, hata chai hakuitaka. Miaka kumi na tisa amepokea watoto wa watu kwa mikono yake, leo akaandike kadi!

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na jambo lile lilimchoma kuliko alivyokubali kusema. Fundi baiskeli mkewe aende kwa miguu? Si sawa na mwashi anayenyeshewa chumbani kwake? Alishika tama bandani siku nzima, wateja wanamsalimu haitikii. Mwisho akainuka pale alipokaa na kusema peke yake, "Mwizi anafuata uzuri. Basi uzuri nitauondoa."

Akaichukua ile baiskeli ya tatu, mpya, ingali na karatasi za dukani, akaanza kuiharibu sura. Fremu akaizungushia vipande vya tyubu kuukuu toka mbele hadi nyuma. Rimu akazipaka maji ya chumvi mpaka zikashika kutu ya juu juu. Kiti akakichana kwa makusudi, akakifunga gunia. Kengele akaing'oa, mahali pake akafunga kifuniko cha kopo. Lakini ndani, loo! Gololi zimelowa grisi, mnyororo unateleza wenyewe, breki ukizigusa tu zimeshika.

"Baba watoto," mkunga akasema alipoiona, "mimi nitaingiaje kwa watu na kituko hiki?"

"Utaingia nacho na utatoka nacho. Ndicho tunachotaka."

Na kweli, miezi mitano ikapita. Mtaani waliibatiza Marehemu. Kila akipita wanamuuliza, "Mkunga, mazishi lini?" Naye anacheka, anakanyaga pedali, anafika. Aliiegemeza popote bila kufuli na hakuna aliyeigusa. Fundi akawa anatembea kifua mbele utadhani amegundua dawa.

Shida ililetwa na shukrani. Mke wa mpaka rangi mmoja alishikwa na uchungu toka alfajiri hadi alasiri, na mumewe, maskini, hakuweza kukaa wala kusimama. Akizunguka uani, jicho likaangukia Marehemu. Akaona uchungu: mtu anayehangaika kumwokoa mke wangu anapanda takataka! Akabandua vipande vyote vya tyubu, akasugua kutu, akashona kiti, akaipiga rangi ya manjano mara mbili. Mkunga alipotoka kumpa habari kwamba amepata binti, alikuta baiskeli inang'aa na baba mtu amesimama kando yake, machozi yanamtoka. Angesema nini? Alimshukuru, akaipanda, akafika nyumbani na rangi kwenye pindo la gauni.

"Mungu wangu!" fundi akapiga kelele. "Nani kaifanya hivi? Leta tyubu, naifunga upya sasa hivi."

"Thubutu!" mkewe akamjibu. "Yule baba anapita hapa kila siku. Akiiona imefungwa matambara atajisikiaje?" Halafu akashusha sauti. "Na mimi naipenda ilivyo."

Fundi alikosa raha kabisa. Siku ya tatu uvumilivu ukamshinda. Mkewe alipoitwa kwa mzazi mtaa wa nyuma, alifunga banda, akamfuata kwa mbali, akajibanza nyuma ya mbao za seremala, spana mkononi. Baiskeli ilikuwa nje ya nyumba ndogo ya mabati, juani, inaita kila mpita njia. Jua likapanda. Miguu ikamfa ganzi.

Mara uchochoroni akatokea Koleo. Naam, Koleo yuleyule! Kila baiskeli iliyopotea mtaani, jina lake ndilo lililotajwa kwanza, na mara mbili alishafukuzwa bandani kwa fundi akiuza magurudumu yasiyo na maelezo. Koleo akatazama kushoto, akatazama kulia, akashika usukani. Fundi akaikaza spana. Koleo akaisukuma baiskeli hatua tano, akaiegemeza kivulini, akachuchumaa pembeni yake, mkono kwenye gurudumu.

"Wewe Koleo! Toa mkono hapo!"

Koleo akasimama kwa kushtuka, lakini mkono hakuutoa. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako ipeleke huko! Unafanya nini na baiskeli ya mke wangu?"

"Naiangalia."

"Unaiangalia au unaipigia hesabu?"

"Naiangalia isiibwe, mzee. Mtaa huu una wezi."

Hakusema kwa mzaha. Fundi akamtazama vizuri. Shati alikuwa amelivaa nje ndani, miguuni peku.

"Mke wangu yumo humo," Koleo akasema. "Toka asubuhi. Mimi nimetolewa nje. Mkunga alichungulia mlango wa uani mara moja tu, akaniambia, 'Koleo, usikae bure, nilindie baiskeli yangu.'"

"Alikuita Koleo?"

"Koleo. Ananijua, mzee."

Fundi akateremsha spana. Mara sauti nyembamba ya mtoto ikatoka ndani, na nyuma yake kicheko cha mkewe. Koleo akaruka hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama, akaigeukia baiskeli, akamtazama fundi.

"Mzee, nishikie," akasema. "Lakini tafadhali usiondoke nayo. Nimemwahidi."

Fundi akaupokea usukani kwa mikono miwili.

"Nenda, baba," akamwambia. "Nenda kamwone mwanao."